Melini kila mtu ana zamu yake ya kula

KILA msimu wa kaskazi unapoingia, watu wa Mombasa hupata tamasha wasilolilipia hata senti. Meli nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, huingia polepole katika mlango wa Kilindini, na watu waliokaa Mama Ngina pamoja na wale waliomo ndani ya feri ya Likoni huacha mazungumzo yao wakaitazama. Watoto huhesabu madirisha, wakubwa huhesabu watu. Na jioni, barazani, kahawa ikizunguka, swali huwa ni lile lile: watu elfu mbili, elfu tatu, wanakula vipi humo ndani? Nani anayejua fulani akae wapi, na ale saa ngapi?

Swali hilo si la kipuuzi. Mtu yeyote aliyepata kusimamia karamu ya harusi ya watu mia tano katika Mji wa Kale anaijua taabu yake. Wapishi wa pilau huanza usiku, masinia huazimwa mtaa hata mtaa, na bado atatokea mgeni wa upande wa bwana harusi aliyesahauliwa, akarudi kwake na njaa na maneno. Meli kubwa ina karamu kama hiyo mara tatu kwa siku, kila siku, na haina jirani wa kumgongea mlango chumvi ikiisha.

Mimi nililifikiria jambo hili kwa makini baada ya kuzungumza na mzee mmoja wa mtaani kwetu. Mwanawe yuko Uingereza kwa kazi, na kwa kutaka radhi za wazazi aliwakatia tikiti ya meli ya matembezi, siku saba katika Bahari ya Mediterania, kuanzia Barcelona, mwezi wa Julai. Jina la meli na la kampuni nayaweka kando, kwani mzee mwenyewe hana kesi na mtu.

"Tuliingia chumbani," anasimulia, "tukakuta kadi ndogo juu ya kitanda. Ina namba, na saa mbili na nusu usiku. Nikamwambia bibi, hii ni namba ya mashua ya kuokolea watu, tuiweke vizuri. Nikaitia mfuko wa koti. Kumbe ni namba ya meza!"

Usiku wa kwanza hawakula chakula cha mezani. Walipanda juu kwenye ukumbi wa kujipakulia, wakapata mkate na matunda, wakalala. Usiku wa pili mtu anayetengeneza vyumba ndiye aliyewaeleza maana ya kadi, wakavaa wakashuka. Meza ilikuwa ya watu wanane. Sita walikuwa wageni wasiowajua, watu wazuri wenye tabasamu, na katikati ya meza chupa mbili za mvinyo. Mzee akakaa upande, bibi akavuta kiti karibu naye. Supu ikaja. Walipokuwa wanaulizana kwa macho ndani yake mna nini, saa ikawa saa tatu na dakika ishirini na kitu, jua la Julai la nchi zile ndiyo kwanza linazama, na Magharibi imeingia.

"Nikainuka," anasema mzee. "Yule weita akadhani supu imeniudhi. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akamwita mpishi. Mimi nataka kwenda kusali, wao wamenizunguka wananiomba radhi."

Siku zilizobakia waliishi kwa samaki, mayai na mkate. Alipouliza kama hawana nyama iliyochinjwa kwa sheria, msimamizi wa ukumbi alimjibu kwa adabu kwamba ingewezekana kabisa, lau wangeambiwa mwezi mmoja kabla. "Lakini sasa, bwana, tuko baharini."

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Watu wetu wameanza kupelekwa safari hizi na watoto wao walioko ng'ambo, na wengine watoto wao wenyewe wanaajiriwa humo kupakua chakula. Ni vizuri wajue mambo yanavyopangwa kabla kamba hazijafunguliwa gatini.

UPATU WA ZAMANI

Mpango wa zamu ni wa kale. Katika meli zilizokuwa zikivuka Bahari ya Atlantiki zama za mababu zetu, aghalabu ukumbi wa kulia haukuwatosha abiria wote kwa mara moja. Meza zilikuwa ndefu kama za skuli, na viti vimefungwa sakafuni ili visiruke meli ikiyumba. Upatu ukalia, wa zamu ya kwanza wakaingia, wakala, wakatoka. Meza zikapangwa upya, upatu ukalia tena. Aliyeandikiwa zamu hii hakuingia ile.

Na daraja zilikuwa daraja kweli kweli. Wazee wetu waliopanda Kampala na Karanja, meli za British India zilizoanza kazi mwaka 1947 na 1948, zikipita kwetu baina ya Bombay na Durban, hawahitaji kuelezwa. Wa daraja la juu alitandikiwa kitambaa cheupe mezani. Wa sitahani alikuwa na mkeka wake, kikapu chake na Mungu wake.

Wengi hudhani mkahawa wa kulipia ndani ya meli ni ujanja wa siku hizi. Sivyo. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika, mwaka 1905, ilikuwa na mkahawa wa Ritz-Carlton ambamo tajiri aliweza kutoa fedha zaidi akala saa aitakayo na chakula akitakacho, badala ya kungoja upatu pamoja na wenzake. Titanic nayo, mwaka 1912, ilikuwa na mkahawa wa namna hiyo. Basi tangu hapo kumekuwa na njia mbili za kula melini: kula ulichopangiwa, na kula ulichokinunua. Mambo yote ya leo, hata yakivikwa majina mapya, yamezaliwa na hizo mbili.

MEZA KUFUATA CHUMBA

Tuchukue meli moja ijulikanayo, tuitazame kwa karibu. Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard ilianza safari zake Januari 2004, na kazi yake kubwa ni kuvuka baina ya Southampton na New York kwa siku saba. Huchukua abiria karibu 2,700. Humo ndani, kabla mtu hajaulizwa anapenda kula nini, hutazamwa amelipia chumba gani.

Mwenye chumba cha kawaida hula katika ukumbi wa Britannia. Ni ukumbi wa ghorofa mbili, wenye ngazi za fahari katikati, unaochukua watu 1,300 na ushei. Chakula cha usiku kina zamu mbili, saa 12:00 jioni na saa 2:30 usiku. Unapewa zamu, unapewa namba ya meza, na hiyo ndiyo meza yako tangu usiku wa kwanza hata wa mwisho. Wenzio wa mezani ni wale wale, na weita ni yule yule. Kuna meza za watu wawili, wanne, sita na wanane. Za wawili ni chache na wanaozitaka ni wengi, ndiyo maana asiyesema neno hujikuta kwenye ya wanane, kama mzee wetu. Asubuhi na mchana mambo ni huru, mtu huingia na kuketishwa panapopatikana. Ratiba ngumu ni ya usiku.

Sasa mwenye kulipa zaidi kidogo huingizwa katika ukumbi mdogo wa pembeni uitwao Britannia Club. Chakula karibu ni kile kile, lakini hakuna zamu: meza ni yake peke yake, aje saa anayotaka katika muda wa chakula. Juu zaidi, mwenye chumba kikubwa hula Princess Grill, na mwenye vyumba vya kifalme hula Queens Grill, ambako weita humfahamu kwa jina na mpishi hukubali kumpikia kisichomo katika orodha. Wa Britannia hawezi kuingia huko hata akiwa na ndugu yake ndani. Meli ni moja, upepo ni mmoja, lakini mabaraza ni manne.

Mimi sina ugomvi na mtu kulipia raha yake. Ila huwa nacheka nikiwasikia watu wakisema kwamba daraja za melini zilikwisha pamoja na wakoloni.

Kwa asiyetaka meza wala namba, uko ukumbi wa Kings Court wa kujipakulia mwenyewe. Huko hakuna kuagiza nafasi wala tai. Na kwa anayetaka kubadilisha ladha kuna mkahawa wa Verandah, ambao nafasi yake huagizwa na malipo yake ni mbali na tikiti. Meza ya nahodha, kwa wanaoiulizia, haiagizwi. Mtu hupelekewa mwaliko, na asiyepelekewa hana pa kushitaki.

Kwa nini lakini waendelee na zamu hizi katika zama ambazo kila mtu anataka uhuru wake? Jibu lake ni la kihesabu. Nusu ya watu wakiwa mezani, nusu nyingine huwa katika ukumbi wa michezo wakitazama nyimbo na ngoma. Zamu zikibadilishana, na watazamaji hubadilishana. Hivyo ukumbi mmoja wa chakula na ukumbi mmoja wa michezo huwatosha watu ambao wangehitaji viwili viwili. Jikoni nako mpishi anajua kwa hakika saa 12:00 atapeleka sahani ngapi, si kwa kubahatisha, na nyama haikauki ikingoja watu wanaotembea sitahani kutazama nyota.

KULA UTAKAPO, KWA KUWAHI

Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilivunja mwiko. Ikatangaza kwamba katika meli zake mtu atakula saa apendayo, mahali apendapo, pamoja na amtakaye, na bila ya kulazimishwa suti. Wenye meli wa kizamani walinung'unika, kisha wakafuata mmoja mmoja. Leo meli nyingi za Kimarekani humwachia abiria achague: ama zamu ya kale yenye meza na wakati maalumu, ama mpango wa kuja utakapo.

Kampuni ya Disney, yenye meli za familia, ilikuwa imekwisha buni njia ya tatu tangu mwaka 1998. Abiria huzungushwa katika kumbi tatu mbalimbali, leo hii kesho ile, lakini weita wao huzunguka pamoja nao. Mtoto anayetaka maziwa ya moto kabla ya chakula hahitaji kueleza mara tatu. Katika mipango yote niliyoisoma, huu ndio ulionipendeza, kwani umemfikiria mama mwenye watoto, ambaye mara nyingi husahauliwa na wapangaji wa karamu.

Lakini uhuru huo una bei yake. Panapokosekana zamu, pana foleni. Watu wote hutaka kula saa moja na nusu, na weita hawawezi kupanuliwa kama mpira. Kwa hiyo hata kwenye mpango wa kuja utakapo, mwenye akili huagiza meza yake mapema. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa simu ya mkononi, kwa programu ya kampuni yenyewe, wiki nyingi kabla ya kusafiri. Anayengoja mpaka apande melini hukuta zimebaki nafasi za saa kumi na moja alasiri, wakati chakula cha mchana hakijashuka, au za saa tatu na nusu usiku, wakati watoto wamekwisha lala.

Mikahawa ya kulipia ndiyo yenye pupa zaidi. Meli ya Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari Januari 2024, inaweza kuchukua abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi 2,350, na ina mikahawa na vibanda vya chakula zaidi ya ishirini. Vingine vimo ndani ya tikiti, vingine si vyamo. Msafiri mgeni husoma tangazo kwamba chakula ni bure, akadhani ni vyote. Kisha akapewa hesabu siku ya kushuka, akashika kichwa. Lazima kuuliza kabla ya kuketi. Tena ukiagiza nafasi usipotokea, na usitoe habari mapema, kampuni nyingi hukutoza vile vile. Wenye kujua huchagua usiku wa kwanza kwa mikahawa hiyo, kwani wengi bado wanatafuta vyumba vyao na masanduku, na meza huwa wazi.

Na ikiwa zamu au meza uliyopewa haikufai, dawa yake ni moja. Siku ya kwanza, mara tu baada ya kupanda, msimamizi mkuu wa ukumbi wa kulia hukaa kusikiliza maombi ya watu. Mahali na saa yake huandikwa katika karatasi ya habari za siku au kwenye simu. Nenda kabla hujafungua sanduku. Meza za pembeni na za wawili hugawiwa hapo, na anayefika mbele hupata. Kesho yake msimamizi ni yule yule, tabasamu ni lile lile, lakini meza hana.

BAHASHA YA USIKU WA MWISHO

Kuna upande wa jambo hili ambao abiria hauoni, nao unawahusu vijana wetu. Wako vijana wa Pwani wanaofanya kazi katika meli hizi, kwa mikataba ya miezi sita hadi tisa, na ukumbi wa kulia ndimo wengi wanamoanzia.

Katika mpango wa kale, weita alikuwa na meza zake. Kwa siku saba aliwajua watu wake: huyu hali kitunguu, yule anataka chai kabla ya kuomba. Usiku wa mwisho kila abiria aliacha bahasha ya bakshishi, na bahasha ilitegemea mapenzi yaliyojengeka. Weita hodari alitajirika kuliko mwenzake. Lakini watu walipoanza kula popote, leo ukumbi huu kesho ule, bahasha haikujua imfuate nani. Kwa hiyo kampuni zikageuza bakshishi kuwa tozo ya kila siku katika hesabu ya chumba, aghalabu dola kumi na kitu au ishirini na kitu kwa kila mtu, na fedha hizo hugawanywa baina ya wafanyakazi wengi.

Nilipomuuliza kijana mmoja wa Likoni, aliyewahi kufanya kazi hiyo, ni mpango upi anaoupenda, alifikiri kidogo. "Wa sasa una hakika," akasema. "Wa zamani ulikuwa na heshima. Mtu alikuita kwa jina lako, akakuonyesha picha za wajukuu wake. Sasa anakuita kwa kidole." Kisha akaongeza jambo ambalo abiria wa kwetu angefaa kulijua: wapo wanaokwenda ofisini kuiondoa ile tozo wakidhani ni wizi wa kampuni, kumbe wamemkata mtu wa chini, mwenye kusomesha wadogo zake kwa fedha hiyo.

NYAMA, SUPU NA SAA YA SALA

Narudi kwenye lile neno, tuko baharini. Meli hupakia chakula katika bandari yake ya kuanzia. Nyama hutiwa kwenye mabaridi, na kila kilo imehesabiwa. Kikisahauliwa kitu, hakuna wa kutumwa sokoni. Ndiyo maana meli nyingi zinazokubali kuwapa abiria nyama ya halali hutaka kuarifiwa wiki kadhaa kabla, na kwa maandishi. Si inda. Wanataka nafasi ya kuinunua na kuitenga. Kampuni nyingine hazina kabisa, na ni bora kuambiwa hivyo ukiwa nyumbani, fedha yako ingali mfukoni.

Barua peke yake haitoshi. Ichapishe nakala uende nayo, na usiku wa kwanza umwonyeshe msimamizi wa ukumbi. Katika meli nyingi atakuletea kila usiku orodha ya chakula cha kesho, uchague mapema, ili chako kitengenezwe mbali. Abiria wasiokula ngano au karanga hufanyiwa hivyo hivyo, kwa hiyo usione haya kana kwamba unaomba kisichowahi kuombwa.

Samaki ni kimbilio la wengi, na kwa samaki wa baharini mtu hana wasiwasi. Wasiwasi uko kwenye mchuzi. Upishi wa Kizungu hupenda kumimina mvinyo sufuriani, na anayeulizwa hujibu kwamba ukishachemka umekwisha, jambo ambalo kwetu si jibu. Viazi vinaweza kukaangwa katika mafuta yaliyokaangia nguruwe. Vitamu vinavyotikisika hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini mara nyingi hutokana na ngozi au mifupa ya mnyama ambaye huwezi kumjua. Mwenye kuuliza haya kwa upole hujibiwa. Mwenye kunyamaza kwa haya atakula asilolijua au atalala na njaa.

Meza nayo ni suala. Wengi kwetu hawataki kukaa panapozungushwa ulevi, na wanazuoni wamelikataza hilo. Katika meza ya wageni wanane huna amri ya kumwambia mtu asiagize chupa aliyoilipia. Kwa hiyo ombi la meza ya familia peke yake liandikwe pamoja na ombi la nyama, siku ile ile. Kwa upande wa mavazi, usiku wa suti na tai usiwatishe wazee wetu. Kampuni nyingi hulipokea vazi la heshima la taifa la mtu, na kanzu safi na koti na kofia ya vito haijapata kumwaibisha mtu popote.

Kisha zamu. Kwetu, karibu na Ikweta, Magharibi huingia baada ya saa 12:00 na dakika kadhaa, kwa hiyo zamu ya kwanza hugongana nayo uso kwa uso, na ya pili humkuta mtu amekwisha sali hata Isha. Basi mtu wa Mombasa, kwa mazoea, ataomba zamu ya pili. Lakini kule kaskazini mambo hupinduka. Mwezi wa Juni jua huzama Southampton kiasi cha saa 3:20 usiku, na New York kiasi cha saa 2:30. Huko zamu ya kwanza ndiyo yenye nafasi, mtu akala akatoka akangoja Magharibi kwa utulivu. Wakati wa baridi, jua likizama kabla ya saa 11:00, zamu zote mbili ni salama.

Aliyefunga ana hesabu nyingine. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni. Anayefunga katika safari ya namna ile, ya kwenda Marekani, hurudishiwa saa nyuma mara tano njiani, kila mara saa moja nzima, na siku ya funga hurefuka. Zamu ya kwanza haimfai asilani, na ya pili humkalisha mbele ya sahani akilitazama jua. Sheria imempa msafiri ruhusa zake, ya kufungua na kulipa baadaye, na ya kupunguza na kukusanya sala. Hata hivyo mwenye kutaka kufunga atahitaji kupatana na jiko afuturu chumbani, na tende azichukue kutoka nyumbani.

MELI ZA KUPIKA HALALI

Yote haya ni kwa meli za watu wengine. Lakini mambo yanageuka. Genting Dream, meli iliyozoeleka katika bandari ya Singapore, ilipata hati ya viwango vya Kiislamu vya OIC/SMIIC kwa huduma zake, ikawa meli ya kwanza ya matembezi kuipata. Ndani yake jiko la halali limetengwa, ingawa wasio Waislamu wanapikiwa chao.

Na Saudia wenyewe sasa wana kampuni yao, AROYA. Meli yake ya kwanza, iliyojengwa Ujerumani mwaka 2017 kwa kampuni nyingine na kwa jina jingine, ilianza safari kutoka Jidda mwezi wa Desemba 2024. Humo hamna ulevi, chakula ni halali, mna mahali pa kusalia na nyakati za wanawake peke yao. Hapo hakuna haja ya kuuliza mchuzi umetiwa nini.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba kwa kuwa nyama ni halali basi meza itajiketi. Humo pia kuna kumbi zilizomo ndani ya tikiti na mikahawa ya kulipia zaidi, na mwenye kuchelewa kuagiza atakula saa wasizozitaka wenzake.

Nilimpelekea mzee wetu habari hizi za Jidda, nikamkuta barazani. Akazisikiliza zote, akauliza bei, akatikisa kichwa, kisha akasema mwanawe ameahidi kuwapeleka Umra, na pengine safari moja wangeiunganisha na nyingine. Kadi ya Barcelona bado imo katika mfuko wa koti lake, akanionyesha, imekunjika pembe. Wiki ile ile kijana akapiga simu kutoka Uingereza. Mzee hakumuuliza habari ya bahari wala ya ukubwa wa chumba.

"Meza yetu namba ngapi," akamuuliza, "na zamu gani?"

Na bibi, kutoka ndani, akapaza sauti: "Mwambie meza ya watu wawili!"